Biblia ya marehemu baba: nimeigeuza sanamu, au ni wasiwasi wangu tu?

#1 Mwanajahazi (mleta mada)
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe.

Nina Biblia aliyoiacha marehemu baba. Jalada la nyuma limegandishwa kwa gundi, na uzi wa mshono umechomoza mgongoni. Tangu tumzike, miaka 9 sasa, hukaa mezani karibu na kichwa changu, imefunguliwa Zaburi 91. Nikisafiri, huingia kwenye begi kabla ya nguo.

Wiki iliyopita nilikuwa njiani, saa nzima tangu nitoke nyumbani. Nikapapasa begi, haipo. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikashuka kwenye gari, nikarudi kuichukua, nikachelewa nilikokuwa naenda. Mke wangu aliponiona naingia aliniuliza swali moja tu: "Mara ya mwisho kuisoma ni lini?"

Sikuwa na jibu. Neno la Mungu nalisoma kwenye simu. Ile ya baba siisomi, iko pale tu.

Sijaisujudia hata siku moja. Ila siku ile njiani sikuwaza kama Mungu yupo nami au hayupo. Niliwaza Biblia haipo. Je, hii ni ibada ya sanamu? Naomba hoja, lawama nimeshajipa za kutosha.

#2 Kitasa
Mkuu, hiyo ni kumbukumbu ya mzazi, tulia. Amri inakataza kuchonga mfano, kuusujudia na kuutumikia (Kutoka 20:4-5). Wewe hujachonga wala hujasujudu. Tukiita sanamu kila kitu tunachokithamini, neno lenyewe litakosa maana. Ungesahau picha ya mzee ungerudi vilevile.

#3 Mama Pendo
Kitasa, angerudi kuchukua picha, sawa. Mikono isingetetemeka. Mtu akiacha kumbukumbu nyumbani husikitika. Huyu ndugu yetu aliogopa, na woga huo unaeleza alikuwa anategemea nini. Mwanajahazi, pole kwa baba, na hongera kwa mke wa namna hiyo.

#4 Mjoli
Soma habari za nyoka wa shaba. Waisraeli walimchukua kwa Wakanaani wakawa wanamfukizia uvumba, mfalme Hezekia akaja akamvunja vipande vipande. Dawa ya sanamu ni hiyo, kuvunja. Choma hiyo Biblia, nunua nyingine.

#5 Mwalimu Mstaafu
Mjoli, hapo kwenye Wakanaani umekosea, na kosa lenyewe linabeba uzito wote wa mada. Nyoka yule alitengenezwa na Musa, kwa agizo la Mungu mwenyewe (Hesabu 21:8-9). Aliyeumwa na nyoka akimtazama alipona. Kitu kilitoka kwa Mungu, kilifanya kazi ya Mungu, na watu waliponeshwa kweli. Zaidi ya miaka 500 baadaye, katika 2 Wafalme 18:4, kilekile kinafukiziwa uvumba. Hezekia akakivunja, kikaitwa Nehushtani, yaani kipande cha shaba tu.

Kwa hiyo jibu la "lakini Biblia ni kitu kitakatifu" halimwokoi mleta mada. Nyoka naye alikuwa na historia nzuri. Lakini pia habari hiyo haimwelekezi kwenye moto. Bwana Yesu alimtaja nyoka yuleyule kuwa mfano wa kuinuliwa kwake (Yohana 3:14). Shaba ilivunjwa, maana yake haikuvunjwa.

#6 Mjoli
Nimekubali sahihisho, mwalimu. Kuchoma naondoa. Kuiweka kabatini nabaki nako.

#7 Kijana wa Kwaya
Mimi naona kesi ya mleta mada inafanana zaidi na sanduku la agano, 1 Samweli 4. Israeli wamepigwa, wamekufa watu wapata 4,000. Wazee wanajiuliza kwa nini Bwana amewapiga, swali zuri kabisa, halafu hawasubiri jibu. Wanasema tulete sanduku kutoka Shilo, lituokoe. Likaja, watu wakapiga kelele za shangwe hadi nchi ikavuma. Wakapigwa tena, safari hii wakaanguka 30,000 na sanduku likatekwa.

Sanduku halikuwa sanamu ya Baali. Ndani yake mlikuwa na mbao za amri, pamoja na ile inayokataza sanamu! Walichokosea ni kulibeba kama silaha. Mwanajahazi naye amebeba Zaburi 91 kama silaha.

#8 Fundi Saa
Na hiyo Zaburi 91 yenyewe iangalieni vizuri. Ndiyo aliyoinukuu Ibilisi pale juu ya kinara cha hekalu: atakuagizia malaika zake, jitupe chini (Mathayo 4:6). Zaburi ni ileile, maneno ni yaleyale, ila imegeuzwa kuwa hati ya kumlazimisha Mungu. Yesu alijibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, usimjaribu Bwana Mungu wako.

Sisemi Zaburi ina kasoro. Nimeizoea tangu utoto na bado huisali. Nasema andiko likiachwa wazi mezani usiku kucha bila kusomwa, limeshaacha kuwa neno, limekuwa hirizi ya mlangoni.

#9 Kitasa
Fundi Saa, hapo umenigusa, sikuwahi kuunganisha hizo sura mbili. Bado nasema tuwe na kiasi na hili neno sanamu.

#10 Tawi Bichi
Ndiyo maana tunawaambia ndugu zetu Wakatoliki kila siku, toeni hizo sanamu makanisani. Hamsikii. Hata amri ya pili mmeifuta.

#11 Petro wa Altareni
Tawi Bichi, nakujibu kwa upole. Amri haijafutwa, ni hesabu. Wakatoliki na Walutheri huhesabu katazo la sanamu ndani ya amri ya kwanza, na tamaa wanaigawa amri mbili mwishoni. Wengi wa Waprotestanti wengine huitenga iwe ya pili. Maandiko yenyewe yanazitaja kuwa kumi (Kutoka 34:28) lakini hayakuziwekea namba. Fungua Kutoka 20 kwenye Biblia yoyote ya Kikatoliki, mstari wa 4 upo.

Kuhusu picha, Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulishatofautisha: heshima hupewa picha na kwenda kwa yule anayeonyeshwa, ibada ni ya Mungu peke yake.

#12 Tawi Bichi
Mtaguso wa Nikea ni wa mwaka 325 na ulizungumzia Uungu wa Kristo. Picha zimeingiaje?

#13 Petro wa Altareni
Hiyo ni Nikea ya kwanza. Nasema ya pili, mwaka 787, baada ya miongo kadhaa ya makaizari wa Konstantinopoli kuamuru picha zivunjwe. Na ugomvi haukwisha hapo, ulifufuka tena ukatulia 843. Watu waliteswa kwa ajili ya jambo hili, kwa hiyo tusilimalize kwa mistari miwili.

Nikubali na upande wangu. Mtaguso unaweza kuandika tofauti ya heshima na ibada ikaeleweka vizuri sana kwenye karatasi, na mimi nikapiga magoti nisiikumbuke. Ile tofauti lazima iwe moyoni mwangu kila siku, haitoshi kuwa imeandikwa.

#14 Mwalimu Mstaafu
Petro, umesema jambo la haki. Na sisi wenye kuta nyeupe zisizo na picha tusijipongeze. Ezekieli 14:3 inasema wazee waliokuja kuketi mbele ya nabii walikuwa wametwaa vinyago vyao wakavitia mioyoni. Walikuja kumuuliza Bwana, wamekaa kwa adabu, hakuna aliyeshika kitu mkononi. Ukuta mtupu hauzuii hilo.

#15 Hesabu Safi
Naomba nitoe yangu. Mimi sina Biblia ya urithi. Nina salio. Kila asubuhi kabla ya kusali naangalia akaunti kwenye simu. Nikikuta fedha imetulia, sala inatoka nzuri, nashukuru na kuombea wengine. Nikikuta imepungua, nasali kwa kifupi na kwa hasira. Nilikuja kuligundua hili siku mtandao ulipokuwa chini. Nilikaa kitandani nikingoja ufunguke ndipo nisali. Nikajiuliza, hivi namngoja nani?

Fedha ndiyo shina la uovu wote, Biblia haikukosea.

#16 Mama Pendo
Hesabu Safi, asante kwa ukweli huo. Sahihisho dogo tu: andiko linasema kuipenda fedha (1 Timotheo 6:10). Fedha yenyewe Paulo alichangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu bila aibu. Lakini umenikumbusha Ayubu 31. Anaapa kwamba hajaifanya dhahabu kuwa tumaini lake, halafu mistari michache mbele anaapa hajalibusia mkono jua na mwezi. Ameyaweka pamoja, kana kwamba kuangalia hazina kwa namna fulani na kuangalia jua kwa namna fulani ni kosa moja.

#17 Mvuvi wa Maneno
Kuna andiko halihubiriwi sana, Habakuki 1:16. Nabii anamfananisha adui na mvuvi ambaye huutolea sadaka wavu wake na kulifukizia uvumba juya lake, kwa sababu kwa vitu hivyo fungu lake limenona. Wavu! Kifaa cha kazi. Hakuna aliyeuchonga kwa sura ya mungu.

Mimi wavu wangu ni kazi. Nikisifiwa kazini nalala usingizi. Nikikosolewa, hata watoto wakinisemesha siwasikii. Wakolosai 3:5 inaita tamaa ibada ya sanamu, nami zamani nilidhani Paulo anatia chumvi. Sasa naona anapima tu.

#18 Kitasa
Ndicho ninachoogopa. Sasa kazi sanamu, fedha sanamu, simu sanamu, Biblia sanamu. Mtu abaki na nini? Mkulima asipende shamba? Mzazi asipende mtoto?

#19 Ua la Bondeni
Nilikuwa nasoma tu, lakini Kitasa ameuliza swali langu.

Nilimpoteza binti yangu akiwa na miaka 6. Siku ya arobaini mtu mmoja mwenye cheo kanisani alikuja kunifariji. Aliketi, akashika mkono wangu, akasema: "Dada, ulimpenda kupita kiasi, ukamfanya sanamu. Bwana ni mwenye wivu." Kisha akasali, akaondoka. Nilikuwa nimeshika kiatu chake kimoja, kile cha kushoto, maana cha kulia hatukukipata.

Kwa miaka 3 sikuweza kumkumbatia mwanangu mwingine bila kuogopa. Nilimbusu haraka haraka nikaondoa uso, ili Mungu asione. Andikeni mnavyoandika kuhusu sanamu, lakini kumbukeni kuna mtu atakwenda kuyasema kwenye msiba.

#20 Mama Pendo
Dada yangu, pole. Pole sana. Kilichosemwa kwako hakikutoka kwa Bwana. Wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, Yesu alikataa: si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Na kaburini kwa Lazaro alilia machozi. Hakumwambia Martha wala Mariamu kwamba walimpenda ndugu yao kupita kiasi.

#21 Mwalimu Mstaafu
Ua la Bondeni, pole, na asante kwa kuandika. Naomba niongeze jambo, maana hapa wengi tumekuwa tukizungumza kana kwamba sanamu ni kupenda sana. Sidhani. Amri kuu inasema mpende Mungu kwa moyo wote, na papo hapo ya pili inasema mpende jirani. Hakuna mahali palipoandikwa punguza upendo kwa watoto ili Mungu apate nafasi. Agostino, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, alifundisha kwamba kosa liko kwenye mpangilio wa mapendo, kipi kinakaa juu ya kipi.

Halafu tazama ulivyokuwa unamkumbatia mwanao kwa kujificha. Mungu uliyekuwa unamkwepa, yule anayevizia mama akibusu mtoto, hakuwa Baba wa Bwana wetu Yesu. Uliletewa sanamu ya maneno pale msibani, ikavikwa jina la Bwana.

#22 Ua la Bondeni
Mwalimu, hiyo ya mwisho nimeisoma mara nne. Asante.

#23 Mjoli
Nami nakubaliana na mwalimu, lakini tusisahau Ibrahimu na Isaka. Mungu aliuliza swali la mtoto waziwazi.

#24 Mama Pendo
Mjoli, aliuliza, na mtoto akarudi nyumbani na baba yake. Tafadhali, si kwenye uzi huu leo.

#25 Mjoli
Sawa mama. Nisamehe, dada Ua.

#26 Kijana wa Kwaya
Aliyosema mwalimu kuhusu sanamu iliyovikwa jina la Bwana ni habari ya ndama wa dhahabu moja kwa moja. Tunasimulia kama vile Israeli waliacha Mungu wakaenda kwa mungu mwingine. Lakini Haruni baada ya kujenga madhabahu mbele ya ndama alitangaza: "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA" (Kutoka 32:5). Kwa jina! Musa alikuwa amekawia mlimani, watu wakachoka kungoja Mungu asiyeonekana, wakataka anayeweza kubebwa mbele yao.

Hapo ndipo naiona sanamu: kuchoka kungoja. Mleta mada alitaka Mungu anayeingia kwenye begi.

#27 Fundi Saa
Kijana, hoja yako nzuri, lakini mimi sikubali kwamba yote ni kuchoka kungoja. Mtu wa Isaya 44 hajachoka. Amekata mti mmoja, nusu ameota moto na kupikia, nusu iliyobaki amefanya mungu. Isaya anashangaa: hakuna anayetia moyoni na kusema, mkononi mwangu wa kuume je, hamna uongo? Huyu hafikiri tu. Sanamu nyingi za maisha ya kila siku ni za namna hiyo, mazoea ambayo hayajaulizwa swali. Mke wa mleta mada aliuliza swali moja, mambo yakafunuka. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuwa na mtu wa kukuuliza.

#28 Mvuvi wa Maneno
Na wengine ni tamaa ya kumiliki. Demetrio wa Efeso hakuwa mvivu wa kufikiri. Alijua hesabu zake vizuri: vihekalu vya fedha vya Artemi vinaleta pato, Paulo anaharibu soko (Matendo 19). Moyo mmoja unaweza kuwa na Demetrio asubuhi na yule wa Isaya jioni.

#29 Tawi Bichi
Swali la vitendo. Mafuta yaliyoombewa, vitambaa, maji, picha za watumishi kwenye vioo vya magari. Tunasemaje? Maana Matendo 19 hiyohiyo, mstari wa 12, leso na nguo za Paulo ziliponya wagonjwa.

#30 Petro wa Altareni
Tawi Bichi, sasa tumekaa benchi moja wewe na mimi! Hayo maswali ndiyo tunayoulizwa sisi siku zote kuhusu rozari.

#31 Tawi Bichi
Nimeliona hilo nikiwa naandika, ndugu. Ndiyo maana nauliza kwa unyenyekevu kuliko mwanzo.

#32 Mwalimu Mstaafu
Soma mstari wa 11: Mungu ndiye alitenda. Na mistari michache mbele, wana wa Skewa walichukua jina la Yesu kama chombo cha kupunga pepo, wakatoka uchi na majeraha. Yakobo 5:14 ina mafuta pia, lakini kuna wazee wa kanisa, maombi, na mgonjwa aliyewaita. Chupa iliyotenganishwa na hayo yote ikafichwa chini ya mto ni jambo jingine. Hata neno letu ushirikina linatoka kwenye kushirikisha: hujamkana Mungu, umemwekea mshirika wa kumsaidia.

Kuhusu picha za watumishi, mtume Petro alimwinua Kornelio aliyemsujudia, akamwambia yeye ni mwanadamu tu (Matendo 10:26). Mtumishi asiyewainua watu magotini ana kesi ya kujibu.

#33 Kitasa
Hapo nakubali mia kwa mia. Bado nabisha kuhusu Biblia ya Mwanajahazi. Mtu kushika kitu cha baba yake akiwa na hofu ni ubinadamu. 1 Wakorintho 8 inasema sanamu si kitu, tatizo ni dhamiri. Dhamiri yake ikitulia, abaki nayo.

#34 Fundi Saa
Kitasa, soma na sura ya 10 ya barua hiyohiyo. Sanamu si kitu, lakini Paulo anamalizia: ikimbieni ibada ya sanamu. Dhamiri iliyotulia si kipimo tosha, hata yule wa Isaya 44 alitulia. Alisema "aha, nimeota moto".

#35 Hesabu Safi
Mrejesho mdogo. Tangu niandike hapa nimehamisha mambo: nasali kwanza, simu iko chumba kingine. Siku mbili za kwanza nilisali huku nikiwaza salio, yaani nililipeleka mbele za Bwana likiwa kichwani. Leo ni siku ya 5, bado linakuja. Mwenye kujua linaondokaje aniambie.

#36 Mvuvi wa Maneno
Kwangu kutoa ndiko kulikosaidia kidogo. Nikitoa kiasi kinachouma, wavu unalegea kwa muda. Halafu unakaza tena, natoa tena.

#37 Mama Pendo
Mimi ni siku moja kwa wiki bila kazi na bila simu. Wiki za kwanza nilikasirikia kila mtu nyumbani, ndipo nikajua ilikuwa imenishika kiasi gani.

#38 Mwanajahazi (mleta mada)
Nimesoma yote, nawashukuru. Dada Ua la Bondeni, nilimsomea mke wangu ujumbe wako, tukaombea nyumba yako jina kwa jina tulivyoweza.

Jana usiku niliichukua Biblia ya baba, nikaifunga pale Zaburi 91, halafu nikaiacha ijifungue yenyewe mahali ilipozoea. Nilitegemea ingerudi palepale. Haikurudi. Ilifunguka Waraka kwa Warumi, kurasa zimelegea kwa kushikwa, pembeni kuna alama ya kidole chenye wino. Ndipo nikakumbuka kwamba Zaburi 91 hakuifungua baba. Niliifungua mimi, usiku wa mazishi, na sijawahi kugeuza ukurasa tangu siku hiyo. Miaka 9 nimekuwa nikisema nalinda Biblia ya baba, kumbe sikujua hata alikuwa anasoma wapi.

Kesho nasafiri tena. Mjoli anasema kabatini, Kitasa anasema nibaki nayo. Sijaamua.

#39 Kitasa
Mkuu, Warumi sura ya ngapi?

#40 Mwanajahazi (mleta mada)
Ya 14, na mwanzo wa 15. Nimefika mstari wa 9, mke wangu ndiye anayesoma kwa sauti.